Swali la Saba

Fomu imetoka upande wa bendera ile nyingine,
karatasi nne, zimebanwa kwa pini,
na swali la saba linauliza: Unafikaje kazini?
Weka alama moja tu.

Visanduku ni sita. Treni. Tramu.
Gari lako. Gari la mwenzako. Baiskeli. Miguu.
Miye Dhahabu Mbarak, karani wa usafiri,
nimepewa kalamu ya buluu na siku mbili
niwahesabu watu mia tatu na kumi na wawili.

Treni nimeiruka.
Tramu nimeuliza ni kitu gani, nikaambiwa
ni treni iliyokubali kuishi mjini.
Nimeiruka pia.

Basi la kazi halimo,
nalo ndilo linalobeba nusu yetu:
saa kumi na moja na robo alfajiri, penye pampu za petroli, Barani,
injini ikikohoa, dereva Toya akihesabu vichwa
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.
Chelewa dakika moja, utaziona taa zake nyekundu
zikilivuka daraja la Sabaki,
nawe utafute bodaboda, mia nne na hamsini,
na mia nne na hamsini ni unga, ni mboga, ni mafuta ya taa.

Daktari Ornella ana baiskeli nyepesi,
unaiinua kwa kidole. Huiendesha Jumamosi.
Siku nyingine huletwa na gari la ofisi,
lakini moyo wake uko kwenye baiskeli, asema,
na hapo ndipo alipoweka alama.
Kahindi Ngumbao wa stoo naye kaweka hapohapo:
kilomita kumi na tisa, dinamo imekufa,
tandiko limefungwa mfuko wa sukari.
Kwenye daftari langu ni kijiti na kijiti.
Nimevitazama sana vijiti vile.

Nyevu, afagiaye chumba cha mitambo,
hukatiza mashamba ya chumvi kutoka Gongoni,
viatu mkononi visiliwe.
"Miguu," nikaandika. "Dakika ngapi?"
"Za maji mafu au za bamvua?"
Kisanduku kina nafasi ya tarakimu mbili.
"Maji mafu hamsini. Bamvua nazunguka kwa barabara,
nikifika nimeshachoka, naanza kufagia."
Nikaandika hamsini. Mungu anisamehe.

Kisha Bwanaadi, mlinzi wa lango la nyuma.
Nyumba yake na kiti chake cha zamu
haziachani hatua arobaini.
Lakini lango la nyuma, kwa kanuni, ni la malori,
na mtu ni lazima aingie kwa lango kuu,
kadi ipigwe mlio, jina liandikwe kwa lugha mbili.
Basi hutoka kwake na giza, aambae waya,
apite mathenge, apite kisima alichochimba babake
ambacho sasa kina namba,
aingie, arudi kwa ndani njia ileile,
aketi akitazama paa lake mwenyewe.
Saa nne mkewe Esha humpitishia kwenye tundu la waya
mahamri mawili na kikombe cha chai:
bila kadi, bila mhuri.

"Nikuweke wapi?" nikamuuliza.
Akazipekua karatasi zote nne, taratibu,
akanirudishia.
"Andika nazunguka."

Nimechora kisanduku cha saba, kwa rula,
kimepinda kidogo upande wa kushoto.
Nikaandika: Kuzunguka. Mtu mmoja.
Halafu nikarudi nikamfuta Nyevu kwenye Miguu,
nikamfuta na hamsini yake,
nikaandika: wawili.

Hesabu imetimia saa kumi na mbili na dakika sita.
Nje, mahali pa basi pana alama ya mafuta tu
na bahasha ya karanga.
Toya hamngoji mtu, hata anayemhesabia abiria.

Ninayo fomu yote mkononi, nimeisoma mbele na nyuma.
Namna ya kurudi nyumbani
hawakuiuliza.